Kupiga picha za ndege wakiwa katika shughuli zao, Malindi na jirani zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza ni vijana wa Malindi, Watamu, Gede na Mambrui waliopata kamera ya kwanza, na wachache ni wageni wanaopanga safari kutoka bara. Maswali mengi yanahusu vifaa. Mimi nitaanza na ndege, kwa sababu huko ndiko picha zinakoharibika. Ukishamfanya ndege aache alichokuwa akifanya, hakuna lenzi itakayokurudishia.

Picha ya tabia ni ipi? Si kila picha ya ndege ni picha ya tabia?

Picha ya tabia inaonyesha jambo linalotendeka: ndege anawinda, analisha kinda, anaoga, anagombea mahali pa kusimama, anasuka kiota, anamtongoza jike. Picha ya ndege aliyesimama wima akikukodolea macho ni kitambulisho tu. Inafaa kujua ni ndege gani, lakini haisemi anaishije. Mara nyingi inasema jambo moja zaidi, kwamba ameshakuona na anakupima.

Mfano ninaoupenda uko katika Hori ya Mida, kusini ya Malindi. Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa kuvunjia, anayekula kaa. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Huzaliana katika fukwe za Uarabuni, Ghuba na Pembe ya Afrika, ndani ya mashimo ya mchanga, na hutaga yai moja jeupe. Kisha hushuka kwetu pamoja na kinda wake. Kinda huyo ameshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, lakini akifika Mida bado anamfuata mzazi, ameinamisha kichwa, analia apewe kaa. Mzazi akiuma kaa na kukata miguu yake, kinda yuko hapo hapo ubavuni. Ukiipata picha hiyo umeeleza habari ya familia nzima na safari yake. Mtu anayemkimbilia ndege huyu ili apate uso wake karibu hataiona kamwe, kwa sababu mzazi ataruka na kinda ataruka nyuma yake.

Ninaanza tu. Niende wapi kwanza?

Baki nyumbani. Ukiwa Malindi hukosi mnazi wenye viota vya kwera wa manjano (Ploceus bojeri). Dume huchana uzi mrefu kutoka kwenye kuti, huruka nao ukipepea nyuma, kisha huanza kwa kusuka kitanzi anachosimama ndani yake. Chumba hukijenga kuzunguka kitanzi hicho. Jike akija, dume huning'inia chini ya kiota akipepesa mbawa na kupiga kelele, naye jike hukagua kabla ya kukubali. Haya yote yanafanyika juu ya vichwa vya watu wanaofua, wanaokuna nazi, wanaopiga soga. Ndege hao wamezoea watu, kwa hiyo unaweza kujifunza mwendo, mwanga na subira bila kumdhuru yeyote.

Baadaye nenda Sabaki, Mida na Arabuko-Sokoke, kwa mpango huo. Mlango wa Mto Sabaki uko kaskazini ya mji, mwendo mfupi kabla ya Mambrui. Hori ya Mida iko kusini, kati ya Watamu na barabara kuu ya Mombasa. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, unaanzia Gede. Kaskazini zaidi, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni nayo yana ndege wengi wa majini, ila ni mali ya makampuni na huingii bila ruhusa.

Nilienda Mida nikaona tope tupu na vidoa vyeupe kwa mbali. Ndege walikuwa wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake ni maji. Ulienda yamepwa.

Maji yakipwa Mida, tope linakuwa uwanja mkubwa na ndege wanatawanyika kote kutafuta minyoo, kaa na chaza wadogo. Kila mmoja ana eneo lake na wewe huwezi kuwafikia, na hupaswi kujaribu. Maji yakianza kujaa, uwanja ule unapungua. Ndege wanasogea mbele ya maji, wakila hatua kwa hatua, mpaka wanabanwa kwenye vipande vichache vya mchanga na kwenye mikoko. Kwa hiyo mpiga picha anatangulia. Anakaa mahali pake pakavu saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, anatulia, na maji yanamletea ndege. Wewe hukumwendea ndege, yeye ndiye aliyekuja huku akiendelea na mlo wake. Sijui njia bora kuliko hiyo katika pwani yote hii.

Sasa hesabu ya siku. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa hili, lakini wapiga picha wengi hulisahau. Bamvua ni wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hukaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika zipatazo 50. Maana yake siku ya mwezi mpevu na siku mbili baada yake ni dhahabu: ukikaa tangu saa nane mchana, ndege wanakusogelea wakati uleule ambao jua linalainika. Kwenye maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, hali hugeuka. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi tena hayapandi sana, ndege hawabanwi, wanabaki mbali. Siku hizo mimi huenda msituni.

Jedwali la maji la Bandari ya Mombasa linatosha kwa Malindi. Usiliamini peke yake. Muulize mvuvi unayemkuta, kwa salamu kwanza, kwa sababu yeye anajua mkondo gani unajaa nyuma ya mtu kabla ya ule wa mbele. Huko Mida maji ya bamvua yanaweza kukuzingira ukiwa umelala kifudifudi unatazama kwenye kamera.

Maji yakishajaa kabisa, ndege wote wamekusanyika. Huo si ndio wakati wa kuwapiga?

Ni wakati wa kuwapiga kwa mbali bila kusogea. Wamekusanyika kwa sababu hawana pengine. Wengi wamelala, mdomo umefichwa mgongoni, na mahali pa kupumzikia wakati wa bamvua ni pachache. Ukiwarusha hapo wanazunguka hewani wakitafuta pa kutua, na nguvu wanayoitumia waliipata tone kwa tone topeni.

Fikiria mwezi wa Machi na Aprili. Vitwitwi wengi unaowaona Mida na Sabaki wanajitayarisha kurudi kaskazini. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini (Calidris ferruginea) atakwenda kuzaliana kaskazini kabisa ya Siberia. Wakati huo anabadilisha manyoya, tumbo lake linageuka rangi ya matofali, na anakula mfululizo ili ajaze mafuta ya safari. Ni kipindi kizuri mno kwa picha. Pia ni kipindi ambacho kila mruko usio wa lazima una gharama kwake. Picha ya kundi lililoruka kwa hofu ya mtu inatambulika hata na asiyejua ndege: wote wametazama upande mmoja, wakimkimbia aliyeshika kamera. Kipanga akipita na kundi likaruka lenyewe, piga, hiyo ni tabia. Subiri kipanga.

Nikaribie hadi mita ngapi?

Mita hazisaidii. Yangeyange wa soko la samaki atakuruhusu umpite karibu, na yangeyange yuleyule akiwa Sabaki ataruka ukiwa mbali. Msome ndege mwenyewe. Dalili huja kwa mpangilio, na aliyejifunza kuzisoma huishia kwenye ya kwanza.

Kwanza anaacha kula na kuinua kichwa. Hapo simama. Akirudi kula, baki ulipo kwa dakika kadhaa kabla ya kufikiria hatua nyingine. Kisha shingo inarefuka, au anaanza kutikisa kichwa juu chini. Hapo umeshapita, rudi nyuma kidogo, kaa chini, tazama pembeni, kwa sababu macho yako na lenzi vikimwelekea moja kwa moja vinamtisha. Baada ya hapo anaanza kutembea akienda mbali nawe, anatoa mlio, anafungua mbawa kidogo. Ukifika hapa picha imekwisha kwa siku hiyo, na afadhali uondoke ili wengine wasiruke naye.

Iko dalili moja ninayotaka kila mtu aijue. Ukimwona kitwitwi wa mchangani akiburuta bawa kama limevunjika, akikimbia mbele yako na kulia, hajaumia. Una kiota chake karibu na miguu. Kitwitwi wa paji jeupe (Charadrius marginatus) hutaga kwenye mchanga mtupu, na akiondoka hufunikiza mayai kwa mchanga kidogo, kwa hiyo huwezi kuyaona kirahisi. Usipige picha ya lile bawa. Simama, geuka, rudi kwa kukanyaga nyayo zako zilezile.

Je, naweza kupiga picha za kiota chenye mayai au makinda?

Mimi sipigi, isipokuwa viota vya kwera vilivyo juu ya mnazi ambapo uwepo wangu haubadilishi kitu. Sababu yangu kubwa ina jina: kurabu. Kunguru hawa wa Bara Hindi wamejaa Malindi na Watamu, na ni wezi hodari wa mayai na makinda. Wanatutazama sisi pia. Mzazi akiruka kwa sababu yako, kiota kinabaki wazi, na kurabu aliyekuwa juu ya mkungu ameona kila kitu. Unaweza kuondoka ukidhani hukugusa chochote.

Kukata matawi ili kiota kionekane vizuri ni ubaya mkubwa zaidi. Tawi lile ndilo lililokuwa kivuli na maficho yake.

Vipi kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke?

Ndege anayeitikia sauti ya simu anaamini kuna mpinzani katika eneo lake. Anaacha kula, anaacha makinda, anakuja kupigana na asiyekuwepo. Picha utakayopata itaonyesha ndege mwenye hasira aliyedanganywa, na ukiiita tabia ya asili utakuwa umesema uongo. Kwenye sehemu zinazotembelewa na watu wengi, ndege mmoja anaweza kudanganywa hivyo na kila kundi linalopita.

Ninataka kumpiga bundi wa Sokoke. Inawezekana bila kumsumbua?

Inawezekana, ukikubali kwamba huyo utampata amelala. Bundi huyu (Otus ireneae) ana urefu wa sentimita 16 hivi, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1965 hapo Arabuko-Sokoke, na nje ya pwani yetu anajulikana Usambara Mashariki huko Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Mchana hukaa kwenye vichaka vizito, na mara nyingi jozi hukaa bega kwa bega.

Nenda na mwongozaji wa Gede. Hawa wanajua bundi walilala wapi jana, nao huwatafuta peke yao kwanza ili kundi lote lisivamie kichaka. Usitumie flashi. Usimtikisie tawi afumbue macho. Piga chache, ondoka. Jozi iliyolala ikiegemeana, macho yamefumbwa, ni picha ya tabia kuliko bundi aliyetoa macho kwa mshtuko.

Msituni sioni kitu, nasikia sauti tu. Nifanyeje?

Acha kutembea. Kwenye sehemu yenye miti ya mrihi, ndege husafiri kwa makundi ya mchanganyiko: wa jamii mbalimbali wanaopita pamoja kwenye miti, mmoja akikagua magome, mwingine majani, mlamba akingoja nyuma ili adake wadudu walioshtuliwa na wenzake. Unaweza kukaa kimya muda mrefu bila chochote, halafu miti yote juu yako ikawa hai kwa dakika chache. Ukiwa unatembea utakutana nao mgongoni mwao. Ukiwa umekaa watapita juu yako. Asubuhi na mapema ndiyo bora, na mwanga wa msituni ni mdogo, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, bila woga. Picha yenye chembechembe inasomeka, iliyotikisika haisomeki.

Majira gani yana ndege gani?

Wageni wa kaskazini huanza kuonekana Agosti na Septemba na wengi huondoka Aprili. Kaskazi inapovuma, Sabaki na Mida zimejaa, na keremkerem wekundu nao huja, hukaa juu ya matawi makavu na kurudi palepale baada ya kila windo, wakimgonga nyuki kwenye tawi kabla ya kummeza. Kwa anayejifunza kupiga ndege akiruka, keremkerem ni mwalimu mzuri: anarudi.

Kusi ikianza, watu wengi hufunga kamera, na hapo wanakosa. Kati ya Aprili na Septemba, mlango wa Sabaki hupokea wageni wa kutoka upande wa pili: ndege wa Bukini, yaani Madagaska, anayeitwa Glareola ocularis, mwenye mbawa ndefu zilizochongoka, anayekamata wadudu hewani. Hupumzika kwa makundi makubwa kwenye mafungu ya mchanga, wote wameelekea upepo. Jioni wakianza kuruka kuwinda, simama upande wa bara, jua likiwa mgongoni mwako. Msituni nako hufika mgeni wa kusini, kurumbiza mwenye madoadoa (Geokichla guttata), anayepekua majani makavu chini kwa mdomo.

Mwanga wa ufukweni unanishinda. Picha zote nyeupe.

Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo ukisimama ufukweni ukielekea maji, ndege wako kwenye kivuli chao wenyewe. Inafaa kwa picha ya umbo jeusi juu ya maji yanayong'aa, ikiwa ndiyo unayoitaka. Alasiri jua liko bara, nyuma yako, na ndege wanang'aa. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, mwanga ni mkali na vivuli ni vyeusi. Tumia saa hizo kutazama na kuandika.

Ndege mweupe kwenye tope jeusi huidanganya kamera. Inaona giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua mpaka hakuna alama. Punguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu. Kwa mchanga mweupe uliojaa fremu fanya kinyume, ongeza kidogo.

Kasi ya shata: 1/1000 ya sekunde kwa vitwitwi wanaokula, 1/2000 kwa membe na shakwe wanaoruka, na zaidi ya hapo kwa mdiria anapojitupa majini. Mdiria wa Sabaki, yule mweusi na mweupe, husimama hewani akipiga mbawa kabla ya kushuka. Weka fokasi hapo angali amesimama na uanze kupiga kabla hajakunja mbawa. Wakati mwingine shusha hadi 1/30 na ufuate kundi likipita. Wengi huziona picha hizo kuwa zimeharibika. Mimi naona ndizo zinazoonyesha mwendo.

Na shuka chini. Lala mchangani, macho yako yawe sawa na ya ndege. Hakuna badiliko la bure lenye faida kubwa kama hilo.

Sina pesa ya lenzi kubwa. Nina simu tu.

Simu haitakupa jicho la kitwitwi, lakini itakupa mengine. Piga video ya kwera akisuka. Piga kundi linapoingia kwenye mikoko jua likizama, mandhari yote, kwa sababu mahali ndege anapoishi ni sehemu ya tabia yake. Ukipata mwenye darubini ya miguu mitatu, weka kamera ya simu kwenye jicho la darubini na uishike imara. Picha zinazotoka zinatosha kutambua ndege na hata kuonyesha anachokula.

Ukinunua kamera, ya mitumba yenye lenzi ya 400 mm inatosha miaka mingi. Ninaona watu wakikopa ili wafikie 600 mm, kisha wanaitumia kutoka dirishani mwa gari. Nunua lenzi ndogo na viatu vya kuingilia topeni.

Nivae nini? Nijifiche vipi?

Rangi zilizofifia. Nguo nyeupe inaonekana mbali. Kikoi cha rangi ya mchanga juu ya kichwa na mabega, na gunia la kulalia, vinatosha ufukweni. Mida kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi kwenye banda la kutazamia ndege, na mapato ya kiingilio husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya hapo na vya pembeni mwa msitu. Lipa, kaa bandani, na usizungumze kwa sauti.

Mtumbwi nao ni maficho mazuri. Ndege wanaouona kila siku hawaushangai. Mwombe mwenyewe atumie upondo, mashine izimwe, na umwache yeye aamue pa kupita.

Sabaki kuna hatari?

Ndiyo. Viboko na mamba wamo mlangoni. Usivuke maji kwa miguu, usikae kwenye matete, na uongozane na mwenyeji, hasa jioni, viboko wanapotoka kula.

Je, naweza kuwarushia samaki au mkate ili waje?

Usiwarushie. Lakini watu huniuliza kuhusu soko la samaki, na hapo nina maoni tofauti na wenzangu. Wavuvi wanapara samaki, yangeyange na shakwe wanagombea matumbo: hiyo ni tabia halisi ya ndege wanaoishi na watu, na inastahili picha. Tofauti ni kwamba wewe hukuianzisha. Andika kwenye maelezo kwamba ni sokoni, usikate fremu ili ionekane ni kisiwa kisicho na mtu.

Na waombe ruhusa wavuvi na akina mama kabla ya kuinua kamera. Wapo wasiotaka kupigwa, na sauti ya "samahani mzee, naweza?" haikuchelewishi.

Nahitaji kibali?

Kwa matembezi ya kawaida unalipa kiingilio cha mahali husika. Maeneo ya hifadhi ya bahari ya Watamu na Malindi yako chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS), na malipo yake hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali unaosimamiwa na Shirika la Misitu (KFS), kwa ushirikiano na KWS. Kazi ya biashara, kama tangazo au filamu, ina vibali vyake. Droni ni jambo jingine kabisa: inatakiwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na hifadhini inatakiwa ruhusa ya wasimamizi pia. Hata ukipewa vyote, nakusihi usiirushe juu ya ndege waliotua. Kwao ni mwewe asiyechoka.

Niandike mahali nilipopiga picha?

Kwa vitwitwi na keremkerem, andika bila wasiwasi. Kwa bundi, kwa kiota chochote, na kwa kwera wa Clarke, andika "Kaunti ya Kilifi" uishie hapo, na uondoe alama za GPS kwenye faili. Kwera wa Clarke hapatikani popote duniani nje ya kaunti yetu. Viota vyake havikujulikana mpaka mwaka 2013, vilipoonekana kwenye bwawa lenye majani huko Dakatcha, ndani ya Magarini. Ndege mwenye mahali pachache hivyo pa kuzalia hahitaji msururu wa magari.

Lakini rekodi usiifiche kwa watafiti. Mashirika ya uhifadhi ya Nature Kenya na A Rocha Kenya, hili la pili likiwa na kituo Watamu, hupokea taarifa kwa uangalifu, na Kenya Bird Map hutumia orodha za watu wa kawaida kuchora ramani ya ndege wote nchini.

Naruhusiwa kuhariri kiasi gani?

Kata fremu, sawazisha mwanga, punguza chembechembe. Usiongeze ndege, usibadilishe anga, usifute kamba ya mvuvi iliyomnasa shakwe mguu. Ile kamba ndiyo habari yenyewe.

Kamera inashika kutu na ukungu. Nifanye nini?

Chumvi ya kusi huingia kila mahali. Ukirudi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji matamu, kisha kikavu. Mchanga upulize kwanza, usiusugue. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo lenzi itajaa mvuke na ndege ameshaondoka. Usiihifadhi kabatini kwenye mfuko wa ngozi. Kuvu hupenda ngozi.

Kwenye picha yangu ndege ana pete mguuni. Ina maana gani?

Mtu fulani, pengine hapa Mida, pengine nchi ya mbali, alimkamata kwa uangalifu, akampima na kumwachia ili safari zake zijulikane. Picha yako inaweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza tangu siku hiyo. Kuza picha usome namba au herufi. Kama ni vibendera vya rangi, andika kila rangi kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, na ni mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege, si wa upande wako. Andika tarehe, saa na mahali. Tuma kwa A Rocha Kenya au kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, pamoja na picha asili ambayo haijakatwa. Usimfuate ndege ili upate pete vizuri zaidi. Kaa palepale, kwa sababu maji yakiendelea kujaa atasogea. Na kama picha ina ukungu lakini herufi mbili zinasomeka, itume hivyo hivyo.